Kirago cha Injini

Mama yake karani alikataa kipoyi. Yote yalianzia hapo, na hata leo mtu akiniuliza nilijifunza wapi kusuka kirago, inanibidi nianze na huyo mama na magoti yake.

Alikuwa mwanamke wa msituni, wa upande wa Walikale, aliyeolewa huku juu kwenye milima ya Masisi akiwa bado msichana. Alizaa, alizika mume, akazeekea kwenye kilima kimoja karibu na Nyabiondo. Nilipomfahamu, magoti yake yalikuwa yamekwisha kukataa kila mteremko. Kaka yake mkubwa alikuwa bado hai kule chini, katika kijiji kilicho pale ambapo njia ya machimbo inakutana na barabara kubwa. Tangu kabla ya uhuru hawakuwa wameonana. Kwanza madaraja yalianguka, kisha zikaja zile ghasia ambazo watu wa kule hawapendi kuzieleza, kisha magoti, yasiyoweza hata kukwea lori. Halafu muuza chumvi mmoja akapita na kusema kwamba macho ya mzee yanafifia, kwamba sasa anaona watu kama moshi. Mama akasema anataka kumwona kaka yake wakati kaka yake bado anaweza kumwona yeye.

Mwanawe alimwambia atatafuta wanaume wanne na kipoyi, ile machela ya fito mbili ambayo zamani ilibeba wazungu na siku hizo ilibeba wagonjwa na maiti. Mama alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Wanaume watanibeba mara moja tu," alisema. "Na ile siku sitaona njia."

Mwanawe hakurudia neno la kipoyi. Alitoka nje, akasimama akitazama gari lake.

Huyo mwanawe alikuwa karani wa shamba la pareto. Mzungu mwenye shamba alipoondoka alimwachia funguo za ghala, meza ya kuandikia, na gari dogo lenye mgongo wa kobe, la aina ile ambayo injini yake inakaa nyuma, mahali ambapo magari mengine yanawekwa mizigo. Karani aliliendesha misimu miwili. Siku moja alilipandisha mlima bila mafuta ya injini, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba mafuta hayo nayo yanaisha, na injini ikakwama kwa mlio kama wa jino linalong'olewa. Tangu hapo gari lilisimama chini ya kibanda, hatua chache chini ya nyumba, na kuku walitagia kwenye kiti cha nyuma.

Mimi nilikuwa pale kwa sababu nilikuwa pale. Niliacha shule katika mwaka wa tano, siku mashine ya kupasulia mawe ilipoletwa misheni. Nilitoka darasani kwenda kuitazama na sikurudi. Baadaye nilikuwa utingo wa lori, nikanoa misumeno Kashuga msimu mmoja, nikachoma matofali, nikakaa karibu mwaka mzima msituni Walikale kwenye machimbo ya yale mawe meusi mazito yanayotoa bati. Sikukaa mahali mpaka watu wakanizoea. Kwa karani nilifika nikitafuta kazi ya siku mbili ya kuziba bati la nyumba, nikamaliza, nikabaki nikilizunguka lile gari.

Machimboni kazi yangu ilikuwa kupaka mafuta injini ya pompi ya maji. Ilikuwa injini ndogo, ya silinda mbili zilizolala kila moja upande wake, na ilipozwa kwa upepo, bila maji, kama hii ya gari. Kampuni ilipofunga na kuondoka, injini ilibaki pale chini ya majani pamoja na mlinzi mmoja, ambaye aliambiwa vyote vilivyobaki ni vyake. Nilimweleza karani habari hiyo.

"Injini ya pompi ikae kwa gari?" aliuliza.

"Papa, injini haijui kama inasukuma maji ao inasukuma gari. Inazungusha tu."

"Na weye ulijuaje?"

"Niliangalia."

"Uliangalia," alisema. "Mimi naangalia padri kila siku ya Mungu, na misa bado sijui kuisoma."

Lakini asubuhi iliyofuata alinipa baiskeli yake nimpelekee mlinzi kama badilisho, blanketi la kijivu la kufunikia mashine mvua ikinyesha, na wanaume watatu wa Nyabiondo waliozoea kubeba. Mmoja wao alikuwa na shingo nene na mdomo usiolala. Mzaha wake ndio ulionipeleka nilikokwenda.

Tulishuka na lori la bia mpaka kile kijiji cha njia panda, tukaingia msituni kwa miguu kabla ya alfajiri, kijiji kikiwa kimelala. Siku ya pili tuliikuta injini. Mlinzi aliipanda baiskeli akazunguka kibanda mara mbili, akasema tuchukue. Niliiacha injini kwenye kiti chake kirefu cha chuma, kwa kuwa nilivitaka vyuma vya kile kiti, na bomba la moshi nikalilaza juu yake kwa urefu. Tuliifunga kwenye fito mbili. Mvua ilianza, tukaifunika blanketi kutoka mwanzo hadi mwisho na kulikaza kwa kamba za magome. Sikulitazama umbo lake. Wengine ndio waliolitazama.

Katika kijiji cha kwanza mwanamke mwenye kikapu cha mihogo alitutazama tukija, akatua kikapu, akaketi kando ya njia na kuvua kitambaa cha kichwa. Mwanaume mmoja alitoka shambani akijifuta mikono kwenye suruali. Alifanya ishara ya msalaba, akaja moja kwa moja kwangu, akaingiza bega lake chini ya fito bila kuniomba ruhusa.

"Pumzika, kaka," alisema. "Mumetoka naye mbali."

Kule, maiti ya mgeni haiachiwi wageni wenzake. Kila kijiji kinaibeba mpaka mwisho wa mashamba yake, na kijiji cha mbele kinaipokea. Nilikuwa najua desturi hiyo. Nilikwisha kubeba hivyo mimi mwenyewe, nilipokuwa machimboni. Ningeweza kusema palepale. Lakini bega langu lilikuwa limechubuka, na yule mwenye shingo nene alinitangulia.

"Njo wenu?" yule mwanaume aliuliza, yaani ndiye ndugu yenu.

"Njo wetu."

"Alikuwa na kazi gani?"

"Alikuwa anavuta maji kwa machimbo."

"Ile kazi inaua."

"Inaua," mwenye shingo nene alisema kwa masikitiko. "Usiku na muchana, hakuna kupumzika."

Walitembea kidogo. Fito zililia.

"Lakini alikuwa muzito," yule mwanaume alisema.

"Alikuwa anakunywa sana."

Wenzetu wawili waliinamisha vichwa na mabega yao yalitikisika; waliotuona walidhani ni kilio. Mimi pia nilicheka. Sitaficha hilo. Kwa siku mbili tulipita vijiji vinne, na katika vijiji vinne fito ile haikukaa begani mwangu muda wa kuchoka. Wanawake walitupa ndizi za kuchoma. Katekista mmoja alisimama mbele ya injini akasali, na nikaitikia amina.

Kijiji cha mwisho kilikuwa kile cha njia panda. Tuliitua mizigo yetu kando ya barabara kungoja lori, na watu walikaa pamoja nasi, kwa maana maiti haiachwi peke yake. Mzee mmoja alikuja akipapasa njia kwa fimbo. Alikuwa mrefu, na uso wake aliuelekeza pembeni kidogo, kama mtu anayesikiliza. Hakukaribia sana. Aliuliza mgeni amefunikwa na nini.

"Blanketi, Papa," mtu mmoja alimwambia.

"Blanketi tu?"

Aligeuka akasema neno kwa lugha yao, na mwanamke wa nyumba yake akaenda, akarudi na kirago kilichoviringishwa. Kilikuwa kipya, cha nyuzi za mti wa raphia, kimesukwa kwa mkazo hata maji yasingepita, na ukingo wake ulikuwa na mafundo matatu, nafasi, matatu, nafasi, kukizunguka chote. Mwanamke alikitandaza juu ya blanketi. Watu walinyamaza kwa namna ambayo sikuielewa.

"Yeye ametangulia," mzee alisema. "Mimi ningali na siku."

Nilifungua kinywa. Nakumbuka vizuri kwamba nilikifungua. Ndipo lori likasikika likipinda kona, watu wakainuka, mikono mingi ikainua fito, na injini ikapanda juu ya magunia ya mawese ikiwa imefunikwa kirago cha yule mzee. Alisimama akitupungia fimbo, upande ambao si wetu kabisa. Mwenye shingo nene hakufanya mzaha tena mpaka Nyabiondo.

Kwa karani sikueleza chochote, wala sikujiuliza yule mzee alikuwa nani. Nilisema njia ilikuwa nzuri.

Kazi ilichukua karibu majuma matano, na sidhani kama nimewahi kukaa na kazi moja nikiwa na furaha hivyo. Tuliwaita wanaume wanane, tukawapa kasikisi, pombe ya ndizi, lakini baada ya kazi, si kabla, na wakainua gari kwa nyuma mpaka injini iliyokufa ikateremka juu ya magogo na kuvutwa nje. Tuliiacha nyuma ya kibanda, chini ya migomba. Kisha nilileta injini ya pompi nikaipima mdomoni mwa bwati ya vitesi, lile sanduku linalopokea nguvu ya injini na kuipeleka kwenye magurudumu. Matundu hayakukutana hata moja.

Jambo la kwanza nililolitazama ni inazunguka upande gani, kwa maana kama ingezunguka upande mwingine, karani angepata gari lenye mwendo mmoja wa mbele na minne ya kurudi nyuma. Ilizunguka vizuri. Yaliyobaki yalikuwa kazi ya mikono. Nilichukua karatasi ya mfuko wa simenti, nikaibandika kwenye uso wa bwati na kuigonga taratibu kwa nyundo pembeni mpaka chuma chenyewe kikajichora kwenye karatasi, pamoja na kila tundu. Nikafanya hivyo kwa injini. Nikaweka karatasi mbili moja juu ya nyingine, na kati yake ndipo palipokuwa na kazi: bamba moja la chuma lenye matundu ya huku na matundu ya kule, ili viwili visivyofahamiana vishikane kupitia lenyewe.

Bamba tulilitoa kwenye mlango wa tanuru ya kukaushia pareto. Karani alisita kidogo kuuharibu mlango wa mzungu, kisha akashika msumeno yeye mwenyewe. Tulikata siku tatu kwa zamu. Matundu niliyatoboa kwa keekee ya mkono, na kila tundu lilinigharimu ngozi ya kiganja. Mara ya kwanza tulipofunga na kuzungusha, gari lote lilitetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa. Katikati ya bamba palikuwa pamepotoka kwa unene wa ukucha. Nilifungua, nikapiga tupa, nikafunga, nikafungua tena. Kamba ya kanyagio la mafuta niliitengeneza kwa waya wa breki ya baiskeli. Kifuniko cha nyuma hakikufunga, kwa kuwa injini ile ilikuwa ndefu kwenda juu, basi tukakiacha wazi na kukitegemeza kwa kijiti.

Kitu kimoja sikukiondoa. Injini ya pompi ina kizuizi chake, kidude cha vyuma viwili vinavyotanuka vikizunguka, ambacho kinaikataza kukimbia zaidi ya mwendo iliopangiwa. Ukikanyaga sana haikusikii. Karani aliliendesha gari mara ya kwanza kwenye uwanja wa kuanikia, akazunguka mara tatu, akashuka.

"Halikimbii," alisema.

"Halitakimbia, Papa. Lakini halitachoka pia."

Alifikiri. "Basi litafaa kwa mama."

Siku hizo zote, jioni nilikuwa nikiifunika injini kwa kile kirago ili vumbi na kuku visiingie. Mama hakushuka kibandani, magoti yalimkataza. Alikuwa juu, akifunga na kufungua kikapu cha safari. Ndani alikuwa ameweka maharagwe ya mlimani, kwa sababu kaka yake aliyapenda, na tumbaku. Mvua kubwa zilikuwa zinakaribia. Kila mtu alijua kwamba zikianza, udongo wa mteremko wa kwenda Walikale unakuwa sabuni, na barabara inafungwa miezi. Macho ya mzee yasingengoja miezi.

Asubuhi ya safari tulimshusha polepole, karani mkono huu, mimi mkono ule. Kiti cha nyuma kilikuwa kimetoboka na springi zake zilitokeza. Nilitaka aketi vizuri. Nilikikung'uta kirago, nikakikunja mara mbili, nikakitandika pale.

Mama aliinama kuingia. Aliweka kiganja kwenye kiti kujishikilia, na kiganja kikabaki pale. Kidole chake kilianza kutembea ukingoni. Matatu, nafasi. Matatu, nafasi. Alitoka kinyumenyume, akasimama wima kuliko nilivyowahi kumwona.

"Hii kirago imetoka wapi?"

Karani alinitazama. Hakujua.

"Nimekuuliza weye, mupita-njia."

Nilimweleza. Nilieleza kila kitu, vijiji vinne, mihogo iliyotuliwa, katekista, ndizi nilizokula, na mzee mwenye fimbo aliyesema bado ana siku. Nilipofika hapo aliketi juu ya jiwe la kukanyagia.

"Hii mafundo, baba yetu njo aliyetufundisha, mimi na kaka yangu, hakuna mwingine," alisema. "Kwetu muntu akiona nguvu inapungua, anasuka kirago yake ya mwisho yeye mwenyewe, na anaiweka juu ya dari. Haiguswi. Haikaliwi. Kaka yangu amekupa kitanda chake cha kaburi, nawe umekitandika nikikalie."

Karani alisema, kwa sauti ndogo, kwamba twende tukamrudishie tu.

"Kitu ilipewa maiti, inarudi kwa mwenye kuishi?" mama alimuuliza. "Njo salamu hiyo nimupelekee kaka yangu? Nirudishe nyumbani."

Tukamrudisha. Siku mbili alikaa ndani. Gari lilisimama kibandani, tayari, limejaa petroli, na mawingu yalikuwa yakishuka kila alasiri mpaka kwenye migomba. Karani hakunigombeza. Ingekuwa nafuu kama angenigombeza. Nilifunga kifurushi changu, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa dawa yangu ya kila jambo, nikakifungua, nikakifunga. Siku ya tatu asubuhi mama aliniita mlangoni.

"Ile injini ya kwanza," alisema. "Ile mutoto wangu aliua. Iko wapi?"

"Chini ya migomba, Mama."

"Imekufa kabisa?"

"Kabisa. Haiwezi kutengenezwa."

"Basi hapa kwetu kuna maiti," alisema, "na kuna kirago. Chimba."

Nilichimba, mpaka kifuani, kwa sababu alisema nisichimbe shimo la paka. Karani aliona aibu mwanzoni, akitazama kama majirani wanaona. Kisha alivua koti, akaingia shimoni kunipokea. Tuliiviringisha ile injini katika kirago, mafundo yakatazama juu, tukaiteremsha kwa kamba. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda juu ya ukingo. Alitupa udongo wa kwanza. Hakusali, alisema sala si za chuma. Lakini alisema kwa sauti, kama mtu anayezungumza na aliye mbali, kwamba zawadi imefika kwa aliyekufa, na asiitwe mwingine.

Halafu akanyoosha mkono nimwinue. "Sasa utaenda nasi," aliniambia. "Na mudomo wako njo utasema, si wangu."

Tuliondoka siku hiyo hiyo. Gari lilishuka Nyabiondo likinguruma sauti moja tu, sauti ya pompi, sawa mlimani na bondeni. Kwenye mlima mmoja mwanamke aliyebeba kuni alitupita, akatusalimu, na tulipofika juu alikuwa amekwisha kupumzika. Mama alipenda mwendo huo. Alikuwa akitazama kila kitu: mashamba ya maharagwe yakikoma, miti ikikaribiana, hewa ikiwa nzito na yenye harufu ya majani yaliyolowa. Mara moja alimwambia mwanawe asimame, akatazama kijito muda mrefu, akasema twende. Mahali palipoteleza nilishuka nikasukuma. Tulilala kwa ndugu zake karani njiani, na siku ya pili mchana tuliona njia panda.

Mzee alikuwa ameketi mlangoni. Alisikia injini kabla ya kutuona, akainua kichwa. Mama alikataa kushikwa. Alitembea kutoka garini mpaka pale peke yake, hatua kumi na kitu, na ilichukua muda. Mzee alinyoosha mikono akampapasa uso, paji, mashavu, kidevu.

"Umezeeka," alisema.

"Nawe umekuwa mufupi. Unaniona?"

"Iko muntu mbele yangu. Iko na kitambaa ya bluu."

Kilikuwa cha bluu. Mama alikaa chini pembeni yake, akaficha uso begani mwake, na sisi tukatazama pengine.

Waliponipa nafasi nilisimama mbele yake nikasema. Watu walikuwa wamejaa, na kati yao niliwaona wawili waliobeba. Nilisema hakukuwa na maiti, kilikuwa chuma, hiki hapa. Nilijua na nikanyamaza. Mwanaume mmoja alisema wangenivua nguo wanirudishe machimboni kwa kipoyi. Mwingine alisema kumbe ndiyo sababu marehemu alinuka petroli, na yeye alidhani ni pombe ya wazungu. Baadhi walicheka, baadhi hawakucheka.

Mzee aliomba apelekwe kwenye gari. Aliweka kiganja juu ya injini, akakitoa upesi.

"Iko moto," alisema. Kisha: "Na kirago yangu?"

"Nimeizika, kaka," mama alisema. "Na injini ingine, iliyokufa ya kweli."

Mzee aliegemea fimbo yake. "Ilienda na aliyekufa," alisema mwishowe. "Hiyo ni vizuri. Lakini mimi sina yangu, na macho ya kusuka sina." Aligeuza uso kunielekea, karibu na mahali nilipokuwa. "Mikono yako inajua nini?"

"Chuma, Papa. Na kila kitu nikiangalia."

"Basi utaangalia."

Karani aliligeuza gari kesho yake, kwa kuwa mawingu yalikuwa yamefika, na mvua zilifunga barabara nyuma yake. Mama alibaki. Nami nilibaki, miezi mitatu, mimi ambaye sikuwa nimekaa mahali miezi mitatu bila kuhesabu njia za kutoka. Asubuhi nilikwenda kukata raphia, nikachana nyuzi, nikazianika panapokuwa na jua. Mchana niliketi kati yao wawili mlangoni nikisuka, na mvua ikianguka mbele yetu. Mzee alipitisha vidole nilipomaliza kila upana wa kiganja. Akikuta uzi umelegea, alisema neno moja, na dada yake akacheka, nami nikafumua. Wao walizungumza juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni mlingoti: nani aliiba asali, mbwa yupi alimwuma nani, baba yao alipenda wimbo gani. Habari nyingi sikuzielewa, zilikuwa kwa lugha yao. Taratibu nilianza kuzielewa.

Kufikia ukingo, macho yake yalikuwa yamekwisha kuzimika kabisa. Hakulilalamikia. Siku nilipofunga fundo la mwisho alikizungusha kirago chote magotini mwake, akihesabu kwa kidole gumba, matatu, nafasi, matatu, nafasi. Karibu na mwisho kidole kilisimama. Nilitazama. Palikuwa na manne.

Nilinyoosha mkono kufumua, akanishika kifundo.

"Acha," alisema. "Wale watanipokea wajue ilisukwa na muntu wa mashini."

Aliwaambia wakiweke juu ya dari. Mimi nilisubiri siku mbili jua likaushe barabara, na siku ya tatu nilipanda lori la kwenda chini, kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba kwenye mto mmoja wanafungia injini kivuko kipya, na sikuwa nimewahi kuona kivuko kikifungwa injini.